Sanduku la Firenze

Mama Sekela,

Jana nimewapiga kaka zako watatu, peke yangu, kwa mpini wa jembe, mpaka wakakimbilia kwenye migomba ya jirani wakaacha kandambili zao uani. Ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Haya, usinitolee macho. Alikuwa mmoja, Jairo, na aliyepigwa ni mimi. Meno mawili ya mbele sina. Mbavu za kushoto nikikohoa zinalia kama mlango wa banda letu. Kidole kimevimba, ndiyo maana mwandiko unapepesuka hivi, ingawa hata kikiwa kizima unajua niliishia darasa la nne. Lakini na sikio lake la kulia halitakaa tena kama Mungu alivyolipanga. Nililing'ata kwanza, meno yakang'oka baadaye. Yamekufa kazini.

Nikueleze vizuri, maana ugomvi ulikuwa juu yako.

Jana tulimaliza matanga. Ndugu zako walikuja hapa Ihanda wamejaa Fuso zima, wakala mpaka mbwa akakosa mfupa. Halafu wakatandika mkeka, wakaanza kugawana nguo zako. Shangazi yako akaondoka na lile sweta la kijani, limembana kama soksi. Mimi nimekaa kimya kama mtoto wa komunyo. Unaijua desturi: nguo za marehemu zitoke zote. Ikibaki hata moja ndani, mwenyewe hatulii, atakuwa anarudi kuifuata.

Sasa mwanamke wewe, ulifikiri hapo akili yangu imelala?

Lile sanduku jekundu la magurudumu, la safari yetu, nilishalificha siku ya pili tu baada ya kukuzika. Nililipeleka ghalani, nikalilaza chini ya magunia ya kahawa. Nikasema moyoni, wachukue vitenge, wachukue masweta, nguo za Firenze zibaki. Urudi uzifuate. Urudi kila wiki, unitukane, unipige na mwiko kama ule mwaka niliouza mbuzi wako bila kukuuliza, nikatembea na nundu usoni mpaka Pasaka.

Tulivyoipanga safari ile! Kalenda alituletea padri mmoja Mtaliano, mwezi wa tano una mji wa Firenze, mapaa mekundu, kanisa limefunikwa kama chungu, na daraja lenye nyumba juu yake. Mwaka ukaisha, kalenda ukakataa isitolewe ukutani. Tuko kwenye chanja tunachambua kahawa, wewe unapanga: asubuhi darajani, mchana kwenye sanamu ya yule kijana wa jiwe anayesimama uchi, jioni tushikane mikono barabarani, "maana huko hakuna atakayekimbia kumwambia padri." Nikakuuliza yule kijana utamtazama wapi. Ukanijibu, "Machoni. Kwingine hana la kujivunia." Nilicheka nikamwaga ungo.

Nikasema kahawa yetu inafika Italia kila mwaka, sisi tulioilima hatujafika. Ukasema, "Na sisi tutafika, tumeshakaangwa vya kutosha."

Ukaninunulia viatu vya kamba, ukanizungusha uwanja wa kanisa nikiwa navyo, eti barabara za huko ni za mawe. Nilipovivua ukaona kucha zangu, ukapiga yowe. "Baba Sekela, hizi ni kwato! Utatoboa viatu tuaibike. Nitakukata mwenyewe kabla hatujaondoka." Hukukata.

Na sanduku lenyewe tulilipigania. Pale Tunduma, karibu na mpaka, kibaka alilivuta mkononi mwangu. Mimi nikabaki nimeduwaa, wewe ulishamrukia, umevua kiatu, unampiga kisigino cha utosi mpaka akaomba msamaha kwa Kiswahili, akaona haitoshi akahamia Kibemba. Damu ikakurukia kwenye kitenge. Ukanigeukia ukasema, "Beba sasa, mwanamume."

Ndiyo maana jana sikuliachia.

Jairo hakusahau. "Shemeji, liko wapi sanduku jekundu?" Nikamwambia limevuka, liko Zambia. Akasema, "Usinichezee. Dada yangu hatatangatanga huko aliko kwa ajili ya ubishi wako." Akachukua panga, akaenda ghalani, akaanza kuyapasua magunia. Kahawa ikamwagika kama mvua ya mawe. Nilipoona pembe nyekundu inatokeza, nilimpiga mpini wa mgongo. Mpini ukavunjika. Mgongo wala haukuwa na habari.

Akageuka, akanitandika ngumi ya kidole kwanza, maana niliinua mkono kujikinga. Nikamrukia sikio. Akanitia ya pili mdomoni. Jino moja nililitema, moja nililimeza, nalo sijui tutaonana lini. Nikaanguka, akanipiga teke la mbavu, moja, jingine. Wanawake wanapiga mayowe mlangoni. Nikalikumbatia sanduku kifuani. Jairo akainua panga juu kabisa, macho mekundu, analia na kutukana kwa pamoja. Nikasema basi, mama, nakuja.

Panga likashuka. Likapita kwenye sanduku. Likalipasua kuanzia kishikio chake mpaka chini, na vitu vikamwagika juu ya kahawa na damu.

Soksi zangu. Mashati yangu, umeyapiga pasi. Koti langu la baridi. Chupi zangu, Mama Sekela, mbele ya ukoo wako wote! Hati yangu ya kusafiria. Yako haipo. Nguo yako hata moja haipo, hata kitambaa cha kichwa.

Sekela akaingia akapiga magoti kwenye kahawa. Akasema, "Baba, mama alikuwa anajua. Tangu kabla ya mavuno aliambiwa hospitali. Alisema yeye hatafika, akapanga vitu vyako tu. Akanikataza kusema."

Na mimi ukaniambia ni gesi. Na lile gauni la bluu ulilolishona la kuvaa darajani nililiona siku ile umelala nalo ndani ya jeneza, nikadhani yamebaki mengine.

Jairo aliliachia panga. Alikaa chini, sikio linachuruzika kwenye shati, akalia kama ndama. Kisha, na mikono yake ile mikubwa, akaanza kuziokota chupi zangu moja moja, anazikung'uta kahawa, anazikunja. Hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka, ila mbavu.

Umenipiga kuliko yeye, nikwambie ukweli. Nilificha nguo ili urudi, kumbe ulishafagia kila kitu. Hukuacha hata uzi wa kukurudisha.

Nitakwenda. Sekela anahangaikia vibali. Jairo ameshalishona sanduku kwa sindano ya magunia, limekuwa na kovu kama la mtu aliyepasuliwa tumbo, na ameapa kulibeba mwenyewe mpaka stendi ya Mlowo, asipobeba yeye atanimalizia meno. Nitasimama darajani kwa niaba yako. Yule kijana nitamtazama machoni tu, kama ulivyoagiza. Na mkono wangu mmoja utabaki wazi, watu wa kule waone kwamba una mwenyewe.

Lala sasa, mwanamke mgomvi.

Ila ngoja. Leo nimevijaribu viatu. Ndani ya kile cha kushoto nimekuta kikata kucha, umekizungushia karatasi. Jairo hajakiona, nimekificha mfukoni. Hiyo kazi uliahidi utaifanya wewe, na mbavu hizi haziniruhusu kuinama. Njoo mara moja, hata ndotoni, unikate. Uanze na kidole gumba cha kushoto, ndicho chenye ukaidi.

Baba Sekela