Nyota Iliyomfunika Mzee Mbaruku

Shangazi Evarista, shikamoo. Niokoe kabla ya Ijumaa, nami si mtu wa kuomba kuokolewa, maana hapa mtaani kwetu Kikuyu hakuna anayeniweza kwa kompyuta, darasa la saba nimeishia lakini wa chuo wananiita fundi, na seva ya intaneti kafe yetu, ile kompyuta inayohifadhi kurasa za wateja, iko mikononi mwangu. Enzi za kaka Ludovick, aliyenifundisha kazi, kila mteja mwenye ukurasa mtandaoni aliwekewa jina lake mbele ya jina la kafe, ukiandika mbaruku, nukta, kisha jina la kafe, unamwona pichani Mzee Mbaruku na duka la vitambaa alilofungua biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, na kila Jumamosi mzee alikuja na kanzu imepigwa pasi, anaandika jina kwa kidole kimoja, anauliza, "Harithi, bado nipo?" namjibu, "Upo babu, unang'aa kuliko mbunge," tunacheka mpaka wateja wanageuka, siku zile zilikuwa tamu Shangazi. Ludovick aliandika kwenye daftari kila jina na mistari yake, yale maelekezo yanayoiambia seva jina lipelekwe ukurasa gani, nikamtania, "Kaka, unaita mahudhurio?" akanuna, akahamia Nzuguni na daftari lake. Mwezi uliopita nikaona majina arobaini yananichosha, nikafuta mistari yote kwenye seva, nikaweka alama ya nyota ipokee jina lolote, nikidhani kila mtu atafika kwake, kumbe wote wanaletewa tangazo la kafe. Mzee alifariki Ramadhani iliyopita. Jana mjane wake, Bi Stara, alikuja kumtazama, akakuta bei ya kuprinti. "Mjukuu wangu, yuko wapi?" Nikamwambia intaneti huwa inafuta marehemu. Alivuta mtandio wake akatoka. Ijumaa binti yao Yusra anafika kutoka Muscat, wamtazame pamoja. Picha bado zipo kwenye seva, lakini ile mistari sikuweka nakala, na kuiandika, Shangazi, nakwambia wewe tu, sijui.

Harithi, Fundi Mkuu

Marahaba, Harithi. Huo ukuu uweke kando kwanza.

Intaneti haikumfuta mtu. Umemfuta wewe, kisha ukampa mjane habari ya msiba mara ya pili. Mimi zamani nilipanga foleni posta kungoja barua ya dada yangu, na nikiipata nilisoma jina langu juu ya bahasha kwanza, kabla hata ya kuifungua. Namwelewa sana huyo mzee wa kidole kimoja.

Leo hii nenda Nzuguni. Usianze na seva, anza na salamu. Mwambie Ludovick, "Kaka, daftari nililolicheka ndilo ninalolihitaji." Akikutania, meza utani huo. Mtu wa mitambo hapa gazetini anasema kila jina lirudishiwe mistari yake, na nyota ibaki kwa majina yasiyo na mwenyewe tu. Safari hii andika wewe, yeye akusimamie. Na uweke nakala!

Kesho nenda kwa Bi Stara, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba ulimdanganya. Usimtume mtu.

Ijumaa ondoka kwenye kiti. Mwache Bi Stara aandike mwenyewe jina la mumewe, hata akichukua nusu saa. Akiuliza kama bado yupo, jibu unalijua.