Gari Lako Halijafufuka, Baba

Baba,

Nimekukasirikia, na naanza hivyo kwa sababu wewe hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Tangu tukuzike, gari lako la Kiingereza limebaki gerejini hapa Toongabbie, huku ugenini, vile uliliacha: injini chini, nati kwenye makopo ya maziwa, na Mama akijigonga kidole kila akipita na nguo za kufua. Miaka sita ulituambia linangoja pampu ya maji tu. "Kampuni imekufa, lakini mtaona, itafufuka." Kule hospitali ya Westmead, kitandani, ukaniapisha nisiliuze kabla halijawaka. Nikaapa. Ningefanya nini?

Haya, imefufuka. Wachina wameinunua, nembo ni ileile, na duka lao liko karibu na kazini kwangu. Nikatoka zamu na yunifomu yangu ya unesi, nikaenda kuuliza pampu. Muuzaji akanitumbulia macho. Hata hakujua Waingereza waliwahi kuyaunda magari hayo. Aki Baba, nilitoka hapo na gari jipya, jekundu. Usiniulize. Niliiona ile nembo kwenye usukani, nikakuona ukiipangusa na leso, akili ikaniruka.

Jumapili nikaenda nalo kanisani. Unawajua watu wetu, gari jipya lazima liombewe. Wazee wakaweka mikono juu ya boneti, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba gari la marehemu limeinuka, binti amemaliza kazi ya babake! Wameona nembo, basi, wakadhani ni lako. Kina mama wakalia. Na mimi, mjinga, nikasema amina.

Tulipofika tu nyumbani, Mama akaniambia: "Umepokea shukrani ya kazi ambayo hujafanya. Toa hayo machuma. Magoti yangu hayapandi ngazi tena, nataka chumba hapo." Ana haki.

Jumamosi nikaanza kuyapakia hayo machuma. Nyuma ya rafu nikapata sweta yako ya kijani, imefungwa fundo. Ndani, pampu. Mpya! Na karatasi ya posta ya miaka mitano nyuma, ina jina lako.

Miaka mitano, Baba! Nilipiga kopo teke, nati zikatawanyika. Kisha nikakaa sakafuni nikalia, maana nilikumbuka Jumamosi zako: wazee wa kwetu, na Papa Bahati, yule Mkongo anayepanda treni kutoka Campbelltown, wote wameizunguka injini wakibishana mpaka chai inapoa. Gari lingewaka, wangekuja kufanya nini?

Si ungeniambia tu. Mzee wewe!

Sasa sikia. Papa Bahati amekubali kunisaidia. Nati tumeziokota zote isipokuwa mbili. Mama ametupa hadi Pasaka. Pampu yako nitaifunga kwa mikono yangu, gari litawaka, nami nitalipeleka kanisani nikaungame. Kisha gereji ni ya Mama. Wazee tutawahamishia uani wabishane juu ya hili jekundu, ingawa nimefungua boneti nikaona plastiki tupu imefunika injini.

Lala, Baba. Nimekusamehe karibu yote. Sweta bado inanuka grisi, na sitaifua.

Mwanao,
Wanjiru