Maiti Haitoki Getini

Mbale, 12 Januari 1998

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mketi kwanza. Ndugu yangu Jimmy amefariki alfajiri. Ni kipindupindu. Walimleta jana kutoka kazini kwake Malukhu, amekauka, macho yamezama, nami mwenyewe nikamtundikia dripu. Haikusaidia.

Baba, mimi ndiye matroni hapa na kanuni niliiweka mimi: maiti ya kipindupindu haitoki getini. Tunaifunga kwa plastiki na kuizika nyuma ya hospitali, padri akiwepo. Juzi nilimkatalia Kulusumu, mama Mwislamu wa Nabuyonga, aliyetaka tu kumwosha mwanawe Bruhan. Mpaka sasa amelala chini getini. Nitamwambiaje yeye hapana, halafu mimi nijipe ndiyo? Naomba ruhusa yako nimzike Jimmy hapa. Dereva wetu Eriya anasubiri jibu.

Binti yako,
Sista Gorreti

Bugembe, 12 Januari

Mwanangu,

Pole na kazi. Mama yako yuko sakafuni tangu Eriya aingie.

Nimekuwa askari magereza maisha yangu yote. Hata mfungwa akifa, tuliwapa watu wake. Wewe unataka kumfukia ndugu yako ugenini, nyuma ya hospitali? Kaburi lake linachimbwa hapa, kando ya babu yako. Ulipotaka utawa sikuwanyima watu wa Kanisa binti yangu. Sasa na wao wasininyime kijana wangu. Mpe Eriya, amlete.

Baba yako

Mbale, 13 Januari

Baba,

Pole sana, na Mama pia. Nimeshindwa kukukatalia. Jimmy yumo garini. Nimemfunga kwa mikono yangu na dawa ya kuua vijidudu nimeweka. Nakusihi: msifungue, msimwoshe, mzike leo hii, na wageni wasile chochote matangani.

Gari limetokea mlango wa nyuma, kwa sababu Kulusumu bado yuko getini. Naona aibu, Baba.

Gorreti wako

Bugembe, 19 Januari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Usikasirike kwa kimya changu, nyumba ilijaa watu. Tumemzika Jimmy vizuri, hata wakubwa wake wa kazi walifika. Umenipa heshima, asante.

Mama yako alikata ile plastiki. Alitaka kuona uso tu, lakini akishauona, nani angemzuia? Alimwosha pamoja na shangazi yako Nakisige, kisha wakaingia jikoni, maana wageni hawawezi kuondoka na njaa. Leo wote wawili wanaharisha. Wanasema ni maharagwe. Utume dawa.

Baba yako

Mbale, 20 Januari

Baba,

Si maharagwe. Usingoje dawa yangu. Changanya chumvi na sukari katika maji yaliyochemka, wanywe njiani, uwapeleke hospitali Jinja sasa hivi. Nimemweleza Mama Mkuu nilichofanya, na umatroni nimeurudisha. Niandikie, hata neno moja.

Gorreti

Jinja, 24 Januari

Mwanangu,

Leo siulizi hali yako, naogopa jibu. Mama yako ametuacha, na Nakisige pia.

Niliomba mwili wake kama nilivyokuomba wewe. Nesi wa hema la kipindupindu, msichana tu, jina lake Janepher, alisimama mlangoni. Nikamwambia binti yangu ni matroni Mbale. Akajibu, "Mzee, kama yeye ni matroni, yeye anajua kwa nini mi nakataa." Nilimchukia. Jioni nikatamani angekuwa yeye pale kwako, siku ile niliyokuandikia. Kosa ni letu sote, Gorreti, lakini mimi ndiye niliyeomba.

Nakuandikia nikiwa katika hema hilohilo, kitandani. Nami naharisha. Nenda kwa yule mama wa Nabuyonga kwanza, kunililia kutafuata.

Baba yako mdogo Erisa ameanza kuchimba kaburi langu Bugembe. Atakuja huko Mbale umwandikie barua ya kunitoa hapa. Atalia, unamjua. Atakukumbusha alivyokubeba mgongoni.

Mkatalie.

Baba yako