Mwendo wa Sumie: Kwa Baba Yetu, Fundi Yasuhei Mochizuki

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi uliposema unajilaza kidogo chai ipoe. Chai ikapoa, nawe hukuamka.

Watu wakituuliza tunasema tumezoea. Hatujazoea hata kidogo. Kibanda chako cha kazi kando ya daraja la Mto Fuji bado kinanuka mafuta ya mashine, na koti lako la bluu bado liko kwenye msumari. Mama hulipangusa vumbi kila siku, halafu hunionya mimi, Chizuru, binti yako niliyebaki, nisije nikalifua.

Ulitengeneza projekta za nyumbani kwa miaka sitini, zile ndogo ambazo watu walinunua ili waone harusi zao na watoto wao ukutani. Kazi yako hasa ilikuwa kurekebisha mwendo. Upande wetu wa mto umeme hupiga mara hamsini kwa sekunde, ng'ambo ya magharibi mara sitini, na mota za mashine zile zilifuata umeme uliopo. Mtu akivuka daraja na projekta yake, ukoo mzima ukutani ulibadilika mwendo. Ndiyo maana swali lako la kwanza kwa kila mgeni lilikuwa, "Umetoka ng'ambo ipi?" Hata mchumba wa mdogo wangu Masanobu ulimuuliza hivyo kabla hujamkaribisha kuketi.

Namkumbuka Bwana Sano, muuza tofu, alivyoingia siku ile amekumbatia mashine yake, kafura kwa hasira.

"Fundi, mke wangu anapanda ngazi kama anakwenda kuzima moto! Na hiyo ni siku ya harusi yangu! Wajukuu wanacheka mpaka wanagaagaa."

"Umetoka ng'ambo ipi?"

"Ya magharibi."

"Na projekta umenunua wapi?"

"Huku kwenu."

"Basi mkeo hana kosa. Umeme wenu ndio wenye kiherehere."

"Kiherehere? Nyinyi ndio mmelala!"

Ulicheka, ukafungua kifuniko, ukaitoa puli ya shaba, kile kigurudumu kinachovuta mkanda wa mota, ukaweka nyingine ndogo kuliko ile. Hukumuuliza kama mashine imepona. Ulivuka naye daraja mpaka kwake, ukawasha, ukamwonyesha ukuta ukasema, "Ndiye?" Bwana Sano alitazama kwa muda mrefu. "Ndiye," akajibu, na akajifanya ana mafua.

Swali hilo la pili ulikuwa umeanza kuliuliza hapa hapa nyumbani, kwa ajili ya dada Sumie.

Mimi simkumbuki Sumie. Nilikuwa na miaka miwili nimonia ilipomchukua, naye alikuwa na saba. Filamu yake ni moja tu, ya dakika tatu, uliyoipiga Novemba ile ulipompeleka hekaluni kuombewa, kama wapelekwavyo watoto wakifika miaka saba. Kwanza zinaonekana ngazi tupu. Kisha anatokea juu na kimono chake chekundu na viatu vya mbao vyenye kengele ndani, anashuka, na kila baada ya hatua chache anasimama kusikiliza miguu yake. Filamu ilirudi kutoka kusafishwa wiki mbili baada ya mazishi.

Kamera yako ilikuwa na springi iliyochoka, ikapiga picha kwa mwendo wake yenyewe, kwa hiyo hakuna puli ya kiwandani iliyomfaa. Mama ametusimulia jinsi majira yale yote ya baridi ulivyokuwa ukipiga tupa kipande cha shaba, ukikipunguza unywele mmoja kila jioni, unakifunga, unawasha, unamuuliza, "Ndiye?" Naye anajibu, "Bado." Ukizidisha tupa, unatupa kipande na kuanza upya. Hamkuwa mkizungumza mengine siku hizo. Mpaka jioni moja ya Februari Mama hakujibu bado wala ndiye. Alisema, "Nasikia kengele." Filamu ile haina sauti, Baba, nawe ulijua haina, lakini uliweka tupa chini.

Puli hiyo uliifunga kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye kimono chake, ukaiweka katika kopo la biskuti pamoja na puli nyingine. Kila Novemba uliitoa, Sumie akashuka ngazi, ukairudisha. Sisi watoto hatukuwahi kukuuliza unaiweka wapi, na hilo nalo sasa linaniuma.

Sasa niseme neno ambalo ndugu na majirani watakaosoma hapa hawalijui. Agosti, siku za kupokea roho za marehemu, ilikuwa zamu yako ya kwanza kurudi nyumbani. Nilitaka ukute nyumba safi. Nilisugua sakafu, nikang'arisha madhabahu ya wazee, nikaingia na kibandani kwako. Lori la vyuma chakavu lilikuwa linapita na kipaza sauti chake.

"Dada, na kopo hili?" aliniuliza yule dereva.

Nilifunua. Nikaona vyuma, nikaona na kitambaa chekundu kilichofifia, nikadhani ni tambara la kufutia mafuta.

"Chukua tu," nikamwambia.

Jioni yake tulikuwashia taa mlangoni. Mama akasema, "Chizuru, mwekee baba yako filamu ya Sumie, maana amekuja." Nilitafuta puli mpaka Mama aliposema imefungwa kitambaa cha kimono, nikalikumbuka lile kopo. Nilizunguka yadi zote za vyuma za ng'ambo hii na ile, siku tisa. Walikuwa wapole kwangu, lakini shaba ilikuwa imeshayeyushwa.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Masanobu alichonga puli mpya kumi na moja kwa mashine ya karakana anakofanya kazi, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenzake. Tulizitunza mpaka leo, siku yako. Mtawa alipomaliza kusoma na ubani ukiwa bado unafuka, tulivuta mapazia, tukamketisha Mama karibu na ukuta. Ana miaka themanini na minne sasa, na mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, lakini kwa karibu bado anauona mwendo.

Ya kwanza, Sumie alishuka mbio kama anayekimbizwa na mbwa. "Bado," akasema Mama. Ya pili bado. Ya tatu alikuwa anajikokota, anasimama, anajikokota tena, na Mama akapaza sauti, "Itoe hiyo! Itoe upesi! Hivyo ndivyo alivyotembea alipokuwa anaumwa!" Ya nne, ya tano na ya sita, bado. Ya saba mkanda uliniponyoka mara mbili, nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya wajukuu zako.

Masanobu alifunga ya nane mwenyewe, akawasha.

"Ndiye," akasema Mama. "Ndiye huyo. Nasikia kengele. Basi, wanangu, fungueni mapazia tule."

Ukutani zilikuwa ngazi tupu tu. Sumie alikuwa hajatokea.

Masanobu hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Tuliiacha filamu iende mpaka mwisho, kisha tukala kamba wadogo wa kukaanga, wale uliowapenda. Mama aliniwekea mimi wakubwa. Puli tatu zilizobaki hatukuzigusa, na sidhani kama tutazigusa. Tukimuuliza tena atajibu vilevile, ili nisilie.

Ulimpoteza mwanao, Baba, ukahangaika mpaka ukampata kwa dakika tatu za kila mwaka. Mimi nimempoteza mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumrudisha. Sikuombi unisamehe hapa mbele za watu. Nakuomba jambo moja. Kama umemkuta huko, mshike mkono lakini usimvute. Mwache asimame kila anapotaka kusikiliza miguu yake. Umebaki wewe peke yako unayeona anavyotembea.

Unakumbukwa na mkeo Kinue, ambaye bado anakumiminia chai kila asubuhi. Wanao Chizuru na Masanobu. Mkweo Yuriko, wa ng'ambo ya magharibi. Wajukuu zako Takumi na Honoka. Na wateja wako wa ng'ambo zote mbili za mto.

Siku zikienda mbio, siku zikijikokota, tutakukumbuka, Baba.