Klorini Nne

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Wamemcheka Paskalina, na jibu walilolicheka lilikuwa langu.

Jana aliniomba nimweleze dipoli, yaani chaji ya molekuli kuelemea upande mmoja, kwa sababu Kidato cha Tano mimi ndiye ninayesifiwa kwa kemia. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuoga, nikamwambia tu, "Ukiona klorini, molekuli ina dipoli." Akaniamini. Shule aliyotoka kabla ya kuja hapa, Maretadu, haikuwa na mwalimu wa kemia, kwa hiyo ninalosema analishika lote.

Leo mwalimu akamuuliza kama tetrakloridi ya kaboni, kaboni moja yenye klorini nne, ina dipoli. Paskalina akasimama, akajibu kwa sauti, "Ina, mwalimu, kwa sababu ina klorini."

Darasa zima likacheka.

"Nani kakufundisha hivyo?" mwalimu akauliza.

Hakunitaja. Nami nikainamisha kichwa kama vile jibu lile halinihusu.

Baadaye nilimfuata bwenini na kiazi na vijiti vinne vya kiberiti. Kiazi kikawa kaboni, vijiti vikawa klorini; nikavichomeka kwa nafasi sawa, nikamweleza kwamba kila klorini inavuta elektroni upande wake, lakini zote nne zinavuta kwa nguvu sawa, kwa hiyo hakuna upande unaoshinda.

Akagusa kijiti kimoja. "Na hapa ikikaa hidrojeni?"

"Hapo mvuto hausawaziki tena. Dipoli inakuwepo."

"Sasa nimeelewa." Akanitazama. "Lakini darasani ulinyamaza kwa nini?"

Nikasema ukweli, kwamba niliogopa kuchekwa.

"Na mimi je?" akasema, akapanda kitandani kwake, akageukia ukutani.