Mvua ya Kwanza ni ya Bati

Newala, mvua zikianza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba naye shikamoo yake, mgongo umepoa? Huko Tukuyu bado mnalalamikia matope? Mimi mzima, na mtoto tumboni anapiga mateke usiku na mchana.

Mama, kisima kimejaa! Nilitaka kwanza nikuulize habari za nyumbani kwa utulivu, nimeshindwa. Kimejaa mpaka mdomoni!

Unakumbuka uliponiambia kwenye simu, "Siji kumwogesha mjukuu wangu kwa maji ya kikombe"? Ulisema kweli. Huku juu hakuna mto, mpaka uteremke bondeni. Watu huchimba kisima uani, wakakisakafia kwa saruji, kisha wakangoja maji ya mvua kutoka kwenye bati. Chetu kilikauka kabisa, na jua la huku halina adabu. Maji niliyooshea mchele nilioshea vyombo, ya vyombo nikamwagia mpapai. Mimi huyuhuyu uliyekuwa ukinigombeza kwa kukaa sana bafuni!

Basi siku moja wingu likaja. Mvua ilipogonga bati nilikimbia na tumbo langu nigeuze gata la ukingoni mwa paa limwage kisimani. Mama mkwe akanishika mkono.

"Acha, mkamwana. Ya kwanza ni ya bati."

"Na isiponyesha tena, Mama?"

"Acha iende."

Kumbe salfa wanayopulizia mikorosho wakati wa kiangazi hutua kwenye mapaa pamoja na vumbi lote, kwa hiyo mvua ya kwanza huachwa ioshe. Nilitazama maji ya njano yakipotelea mchangani, nikalia waziwazi. Nilijua hapo ndiyo basi, mama yangu haji. Kesho yake jua likarudi kama kawaida. Kila asubuhi nilitazama juu, hata Hamisi akawa ananitania kwamba mkewe atabaki na shingo hivyohivyo.

Juzi mchana ikaja ya pili, bila hodi. Safari hii mama mkwe ndiye aliyepiga kelele, "Atupele, gata!" Tuligeuza pamoja, tukalowa chapachapa, tukasimama palepale kusikiliza maji yakiingia. Nilifurahi mno, Mama. Mvua ikaendelea hadi jana. Ilipokatika alichota ndoo, akaonja, akanipa na mimi. Ni matamu. Kisha akafunika kisima akasema, "Mwandikie mama yako. Mwambie beseni la mtoto nimeshanunua."

Ndiyo nakuandikia, ili uwe na kitu cha kumsomea Baba. Nisalimie shangazi, dada yake Baba, na mdogo wangu Tumaini. Mwambie akikusindikiza huku asithubutu kuoga huku anaimba, maana nyimbo zake ni ndefu na sisi hatuna bomba.

Kisingizio chako kimezama kisimani, Mama. Njoo.

Mwanao,
Atupele