Magunia Yako ya Pumba

Mama Marwa,

Shikamoo. Hukupenda mtu anayezungukazunguka, kwa hiyo nasema moja kwa moja: nimemlaza mwanao chini kama maiti, na baba yake amemlilia.

Tangu tulipokuzika, mazoezi ya dharura ya hospitali yamebaki mikononi mwangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyapanga, nilipofika kutoka Njombe nikiwa sijui hata njia ya kwenda kijijini Nyanungu. Ulikuwa unatunga ajali, unawapaka vijana rangi nyekundu na kuwatawanya kando ya barabara, halafu unatutazama tunavyohangaika: gari la wagonjwa limekawia wapi, polisi wamesimama wapi, nani kamkimbilia anayepiga kelele akamwacha aliyenyamaza. Lakini waliokufa kwenye mazoezi yako walikuwa magunia ya pumba, yamevishwa mashati ya zamani ya mumeo. Nilikucheka sana. Ukaniambia, "Mwanangu, huku mtu hajilazi kama maiti baba yake akiwa hai." Na siku moja kabla ya zoezi ulipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu hofu, mpaka miguu inavimba. Mimi nikaona unapoteza muda.

Safari hii walikuja wakaguzi kutoka mkoani, na nilitaka kuwapendeza. Magunia nikayaacha stoo. Kijijini sikupita, eti watu wakijua watatuharibia uhalisia. Nikamwomba Marwa aegeshe bodaboda yake, alale kando ya lori tuliloazima, nikamfunika shuka. Nikamwambia asitikisike mpaka asikie filimbi. Alikubali kwa ajili yako, Mama. Angemkataliaje mtu uliyemlisha ugali jikoni kwako?

Mama mmoja aliyetoka kuchota maji akaiona ile rangi, akapiga yowe. Unajua yowe la huku. Watu waliacha majembe, wakaacha ng'ombe, wakaja mbio. Baba Marwa alifika na kandambili moja. Akaiona bodaboda, akafunua shuka.

"We Marwa! Juzi mama yako, leo wewe?"

Marwa hakutikisika. Baadaye aliniambia alidhani na baba yake amepangwa kwenye zoezi. Mzee akapiga magoti, akaanza kumpangusa usoni kwa mkono wa shati lake. Na filimbi, Mama... filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Niliwaona wakaguzi wanaandika, nikangoja. Si kwa muda mrefu. Lakini nilingoja, na nilijua kwa nini nangoja.

Nilipopuliza, Marwa akainuka. Mzee akamshika mashavu, akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Mmeshamaliza kutupima?" Akaondoka zake.

Kwenye kikao cha tathmini tulisifiwa. Ushiriki wa jamii, walisema, ulikuwa wa kweli kabisa. Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu na soda yangu mkononi. Naona aibu kukuandikia hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba Marwa amechinja mbuzi, wazee wakakaa na kijana kumwondolea mkosi. Nikimwamkia ananiitikia marahaba huku anatazama ng'ombe wake. Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyopita mama mmoja aligongwa na pikipiki, kweli kabisa, yowe likapigwa, na watu wakabaki milangoni wanaulizana kama ni sisi wa hospitali tena. Alivuja damu barabarani peke yake, katika kijiji ambacho hakuna aliyewahi kulisikia yowe akakaa. Atapona, mguu tumeufunga plasta. Nilimhudumia mimi mwenyewe na nikashindwa kumtazama usoni.

Nimewapigia simu wakaguzi, nikawaeleza nilichofanya, nikawaomba wafute zile sifa. Wakasema wataangalia. Kesho nakwenda kwa mumeo kumwomba radhi. Sijui kama atanipa kiti. Akinipa au asiponipa, nitatoka hapo nipite nyumba kwa nyumba kama ulivyopita wewe, niwaambie kwamba yowe halitachezewa tena na sisi, na wakilisikia wakimbie.

Pumzika, Mama. Magunia yako nimeyatoa stoo. Panya walitoboa moja, nimelishona, na mashati nimeyafua. Nakuahidi, zoezi lijalo ndiyo yatakayolala. Na mumeo akikubali kuja, filimbi nitampa yeye.

Ni mimi, mwanao wa Njombe.